Mwalimu, Mzazi na Amana Iliyo Kati Yao

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mwingi wa elimu na hekima. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Masahaba zake.



Katika pwani yetu hii ya Tanga, na huku milimani kwetu Amani pia, mzazi hamtupi tu mtoto mlangoni pa chuo akaenda zake. Humshika mkono, akamkabidhi kwa maneno. Wazee wengine walikuwa wakimwambia mwalimu kwamba nyama ni yake, wao awaachie mifupa. Walisema hivyo kwa nia njema, ili mwalimu ajue kuwa wamemwamini. Lakini maneno hayo yamewaponza watu wengi. Mtoto si kitoweo hata agawanywe, nyama huku na mifupa huku. Yeye ni amana ya Mwenyezi Mungu kwa wazazi wake, na wazazi huiweka amana hiyo kwa mwalimu kwa saa chache za mchana. Na aliyewekewa amana huichunga kuliko anavyochunga mali yake mwenyewe, kwani ataulizwa na wawili: mwenye kuiweka, na Mwenyezi Mungu aliyemwumba.

Tazameni alivyopokea amana Mtume (Rehema na amani zimshukie). Bibi Ummu Sulaym alimpeleka kwake mwanawe, Anas bin Malik, naye ni kijana wa miaka kumi hivi, ili amtumikie. Anas alikaa naye miaka kumi. Amesimulia baadaye, naye ni mtu mzima, kwamba katika muda wote huo Mtume hakumguniia hata mara moja, wala hakumsuta kwa alilolifanya au aliloliacha. Nani katika sisi walimu anaweza kushuhudiwa hivyo na mwanafunzi wake, si kwa miaka kumi, bali kwa muhula mmoja?

Na imepokewa katika Sahihi ya Muslim habari ya Muawiya bin Hakam, aliyekuwa mgeni katika dini. Alisali nyuma ya Mtume, mtu mmoja akapiga chafya, naye akamwombea rehema kwa sauti katikati ya sala. Watu wakamkodolea macho, wakajipiga mapaja kumnyamazisha. Sala ilipokwisha, Mtume hakumkunjia uso, hakumpiga, wala hakumtukana. Alimweleza tu kuwa sala si mahali pa mazungumzo ya watu, ni mahali pa kumtukuza Mwenyezi Mungu na kusoma Qur'ani. Muawiya akasema hajapata kuona, kabla yake wala baada yake, mwalimu aliye bora kuliko yeye. Basi angalieni: wenziwe msikitini walitaka aone aibu, na Mtume alitaka ajue. Mimi nadhani tofauti ya mwalimu na asiye mwalimu imo humo.

Sasa nitasema kosa langu, maana si vizuri kuwasema walimu wengine na kujificha nyuma ya mimbari. Zamani, nilipokuwa nikifundisha chuo, alikuwako mtoto wa miaka tisa hivi aliyekuwa akichelewa. Mara ya kwanza nilinyamaza, mara ya pili nikamkemea. Mara ya tatu nilimsimamisha mbele ya wenzake nikamwambia kwamba uvivu ule bila shaka ameurithi kwao. Watoto wakacheka. Yeye hakulia. Aliubusu msahafu wake, akauweka mahali pake, akatoka. Hakurudi kesho yake, wala wiki iliyofuata.

Nilipouliza nikaambiwa kuwa mama yake ni mchumaji wa chai. Nyinyi wa huku mnajua maisha ya mashamba ya chai: mtu hutoka na ukungu wa alfajiri, na haachiliwi mpaka majani yake yamepimwa. Siku ambayo majani ni mengi, mizani huchelewa. Na mizani ikichelewa, yule mtoto alikuwa akingoja nyumbani na mdogo wake mgongoni, mpaka mama afike ampokee. Huo ndio uvivu niliousema mbele ya watu.

Nikapanda kwenda kwao jioni. Mama yule aliponiona alistaajabu, akasema, "Mwalimu, umepotea njia?"

Nikamwambia, "Sikupotea, Mama. Nimekuja kwako."

Akasema, "Mwaka wa pili huu mwanangu yuko kwako. Leo ndiyo kwanza umeijua nyumba yangu." Hakulisema kwa ukali, alikuwa akinitafutia kigoda.

Nilimwomba radhi, nikamwomba na mtoto radhi mbele ya mama yake. Akarudi chuoni, lakini tangu siku ile alikaa karibu na mlango, na mpaka alipokhitimu Juzuu Amma alikuwa akikaa pale pale. Sikumhamisha. Nilijua ni mimi niliyemweka hapo.

Enyi walimu wenzangu, wa chuo na wa shule! Tumezoea kumwita mzazi siku ya shari tu. Barua ikifika nyumbani, mama moyo humwenda mbio hata kabla hajaifungua. Ziara ya kwanza ya mwalimu ingekuwa ya heri, mwaka unapoanza na hakuna kosa lolote, basi siku ya kosa wangekutana watu wanaojuana. Na usimtukane mzazi kupitia kwa mtoto. Mtoto atakusamehe fimbo, lakini neno ulilomwambia juu ya mama yake atakua nalo.

Nawasikia wengine wakisema, "Basi mtoto asiadhibiwe?" Sikusema hivyo. Lakini hata serikali imeweka mipaka. Kanuni za viboko shuleni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa naye idhini ya maandishi, kwa kosa zito, na adhabu iandikwe kitabuni. Msichana hupigwa na mwalimu wa kike, isipokuwa hayuko. Nanyi mnajua vizuri, kama nijuavyo mimi, ni mara ngapi mipaka hiyo hurukwa. Mwezi wa Agosti 2018 huko Bukoba mwanafunzi wa shule ya msingi mwenye miaka 13 alifariki baada ya kupigwa shuleni kwa tuhuma ya wizi, na kesi ikafika mahakamani. Aliondoka kwao asubuhi akiwa amana. Mwalimu wa chuo naye asijidhani yu nje ya hayo: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtesa mtoto na kumdhalilisha, popote alipo. Na mwanachuoni wetu Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, alikwisha kuandika kuwa ukali humharibu mwanafunzi. Humfundisha uongo na hila ili aepuke mkono wa mwalimu. Tunampiga asiseme uongo, naye kwa kipigo hicho hicho anajifunza kuusema vizuri zaidi.

Nikigeukia wazazi, nao wana deni. Nabii Musa, pamoja na daraja yake, alimwomba idhini mja mwema kabla ya kumfuata ajifunze, kama tunavyosoma katika Suratul Kahf. Leo mzazi huingia shuleni kwa kelele, akamtukana mwalimu mbele ya darasa, kisha akatazamia mtoto wake amsikilize mwalimu yule yule kesho. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, taifa lilipotaka kila mtoto aingie shule ifikapo 1977, vijana wengi waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huko huko vijijini. Wako waliowadharau kwa uchache wa elimu yao. Hata hivyo wengi wetu tulishikishwa kalamu na vijana hao. Na tangu ada ilipoondolewa katika shule za serikali mwaka 2016, wako wazazi wanaodhani kwamba na mkutano wa wazazi umeondolewa pamoja nayo.

Tanga ni mji wa zamani katika jambo hili. Wajerumani walipofungua pale shule ya serikali, mwanzoni mwa miaka ya 1890, hawakuifunga na dini yoyote, kwa kutaka watoto wa Kiislamu waingie. Mlango ulikuwa wazi, na bado wazazi wengi walisita, kwa kuwa hawakumjua aliye ndani wala anachowatakia watoto wao. Hapa kwetu kituo cha utafiti kilianza mwaka 1902, wakaja wataalamu wa mimea, na baadaye wa malaria. Lakini mtu anaweza kupita mbele ya nyumba ya elimu miaka yote, asiione kuwa ni yake, ikiwa hakuna aliyemkaribisha.

Liko jambo moja dogo limebaki. Mtoto wetu ana walimu wawili, wa shule asubuhi na wa chuo alasiri, nao mara nyingi hawajuani hata kwa jina. Huyu humpa kazi ya nyumbani, yule humpa sura ya kuhifadhi, na wote wawili humlaumu kwa kusinzia. Wiki ya mitihani chuo kingeweza kupunguza mzigo, kama mwalimu angeambiwa.

Basi leo baada ya sala, walimu wa chuo chetu watakaa barazani, na tumewaalika walimu wa shule wakae nao. Wazazi, akina mama kwa akina baba, njooni. Asije mtu na malalamiko siku hii ya kwanza. Njooni mjulishane majina, na kila mmoja amweleze mwalimu nyumba yake iko upande gani. Nanyi mnaotusikiliza mbali, fanyeni hivyo katika misikiti yenu.

Ewe Mola wetu, wasamehe walimu wetu waliotangulia, na uwalinde watoto wetu mikononi mwetu na mikononi mwa wengine. Amin.