Mkongo unafika Tunduma, Msangano bado tunapanda kichuguu

(Mada niliyoitoa kwenye kikao cha vijana wa chama, Msangano, Wilaya ya Momba, Septemba 2024. Nimeiacha karibu kama nilivyoisema.)

 

Nimeambiwa niongelee intaneti. Naanzia kwenye kichuguu.

Mwaka ule naomba mkopo wa chuo nilisimama juu ya kichuguu nyuma ya nyumba ya bibi, simu mkononi, napakia cheti cha kuzaliwa. Ukurasa unazunguka, unazunguka, unakata. Siku ya tatu nikapanda bodaboda mpaka Tunduma, nikalala kwa shangazi, na steshenari wakamaliza kazi ndani ya nusu saa. Rafiki yangu niliyemaliza naye kidato cha sita hakuwa na nauli wala shangazi. Akasubiri mtandao utulie, dirisha la maombi likafungwa. Alama zake zilikuwa nzuri kuliko zangu. Leo mimi nasoma sheria, yeye yuko mpakani anauza maji.

Sasa tuelewane. Hakuna anayekuja kesho kutuchimbia waya mpaka hapa. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unafika Tunduma na unaungana na Zambia palepale. Kutoka Tunduma kuja kwetu njia ni ya hewani. Basi tuzijue hizo njia, na tujue kila moja inakwama wapi.

Ya kwanza ni mnara wa simu. Jamani, minara haifanani. Wenye 2G peke yake unakupa kupiga, meseji na kutuma pesa, basi. Fomu ya mkopo, matokeo ya NECTA yenye kurasa ndefu, maombi ya ajira, vyote hivyo vinataka 3G au 4G. Kwa hiyo kiongozi akija kutuambia "mnara tumeleta", tusipige makofi kwanza. Tumuulize: juu yake kuna nini? Halafu kuna masafa. Masafa ya chini, kama 700 megahezi, yanasafiri mbali na yanapenya kuta. Ya juu, kama 2600, yanabeba data nyingi lakini yanachoka mapema. Vijiji vilivyotawanyika kama vyetu vinahitaji yale ya chini. Oktoba 2022 TCRA ilipiga mnada masafa, ya 700 yakiwemo. Makampuni yaliyoyachukua yana wajibu wa kutuonyesha yameyafikisha wapi.

Ya pili ni rauta ya laini. Hii ndiyo tunayoweza kuanza nayo wenyewe. Rauta ya 4G yenye antena ya nje, ukaifunga kwenye mti mrefu ukaielekeza mnarani, inanasa mtandao ambao simu mkononi haiupati vizuri. Sola ndogo na betri vinaiwasha. Kikundi cha watu kumi mnachanga bando moja, mnaiweka sehemu moja, watoto wanaomba vyuo pale. Lakini msidanganywe na muuzaji: rauta inakuza mtandao uliopo, haiuzai. Pasipo na mnara karibu, hilo ni boksi tu. Na laini yenyewe inasajiliwa kwa namba ya NIDA na alama za vidole, kwa hiyo aliyekwama NIDA amekwama na huku.

Ya tatu ni setilaiti. Zile za zamani zinakaa kilomita kama 36,000 juu, ndiyo maana zinachelewa. Za Starlink ziko kilomita kama 550. Kenya waliipata Julai 2023, Zambia Oktoba 2023. Hapo Nakonde, ng'ambo ya barabara, ni halali. Sisi mpaka leo nasimama hapa haijapewa leseni.

Najua kuna anayewaza kuvusha lile sahani usiku. Ndugu yangu, usifanye. Kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, kutoa huduma bila leseni ni kosa, na vifaa vya mawasiliano vinatakiwa viwe vimeidhinishwa na TCRA. Tuidai leseni itolewe, kwa masharti ya wazi. Na hata ikija, kifaa chake si bei ya kila nyumba. Mahali pake pa kwanza ni shule na zahanati.

Sasa upande wangu, sheria. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupokea habari, na uhuru wa kuwasiliana. Uhuru huo una thamani gani juu ya kichuguu? Na ukumbukeni uchaguzi wa Oktoba 2020, mitandao ya kijamii ilivyobanwa nchi nzima. Kwa hiyo tunadai mambo mawili: mtandao ufike, na ukifika usizimwe.

Fedha ya kuufikisha ina chanzo chake. Upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya 2006, na makampuni ya simu yanauchangia ili maeneo yasiyo na faida kibiashara yahudumiwe. Mei 2023, pale Dodoma, ilisainiwa mikataba ya minara 758 katika kata 713. Kata za Momba zimo ngapi? Vijiji gani? 2G au 4G? Inawashwa lini?

Tusibaki kulalamika vijiweni. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inamruhusu raia kuuliza taasisi ya umma kwa maandishi, na taasisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 30. Haiulizi kadi ya chama. Kwa hiyo jirani yako wa chama tawala naye asaini, mtoto wake anapanda kichuguu kilekile.

Novemba 27 tunachagua wenyeviti wa vijiji. Kila mgombea, hata wa kwetu, aulizwe maswali hayo manne hadharani.

Barua nimeiandika, iko mezani. Mnaotaka kusaini njooni, wazee watangulie. Kalamu ninazo mbili.