Ampuli za halojeni katika nyumba mpya



Wengi mulioingia nyumba mpya huku Kadutu na Bagira munatuuliza: ampuli za halojeni tumefunga juzi, mbona moja haiwake, ingine inachezacheza? Sisi tunaopita nyumba kwa nyumba tunaanza hivi. Tunakata kura, tunangoja ampuli ipoe, kisha tunaipeleka mahali pa ile inayowaka. Ikiwaka kule, shida iko ku nyaya ao pale inapochomekwa. Kama ni zile za volti 12 na zote zimezima pamoja, angalieni transfo: ampuli 4 za wati 50 zinaomba wati 200, transfo ya 105 haitaweza.

Zikichezacheza jioni tu, wakati mtaa wote unapika, musimlaumu fundi, kura imeshuka. Na ikirudi kwa nguvu kisha delestaje, njo inaua ampuli. Zimeni swichi mapema.

Kioo chake musikishike na vidole vitupu, mafuta ya ngozi inakiharibu.

Lakini kinachotutia woga ni mbao. Ampuli ile inapita digrii 200. Ndani ya plafoni ya mbao, ao karibu na pazia, wenyewe munajua Kadutu inaunguaka namna gani. Kwa nyumba za mbao tunasema wazi: toeni halojeni, wekeni LED.

Na ninyi wafadhili wa Ulaya: kwenu nyingi zilikatazwa kuuzwa tangu Septemba 2018. Zile zilizobaki katika kabati musitutumie. Tutumieni LED, hata za wati 5.