Nani Atakushuhudia?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Same)



Nimeombwa nizungumzie swali ambalo vijana wa sayansi huniuliza kila nifikapo hapa Same: anayetaka kusomea udaktari ataipata wapi barua nzuri ya kumpendekeza?

Sisi wa rika langu tuliijua barua hiyo kwa lazima. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaamua kwamba kijana asiingie tena Chuo Kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Alitakiwa kwanza amalize Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi isiyopungua miaka miwili, kisha apendekezwe na mwajiri wake na tawi la Chama. Baadaye masharti yalilegezwa, kwa wasichana kwanza. Mimi niliipita njia ile yote kabla ya kufika Kitivo cha Tiba pale Muhimbili.

Kazi yangu ilikuwa katika zahanati moja ya milimani. Nilifagia, nilichemsha sindano, niliandika daftari la wagonjwa. Aliyeniandikia barua alikuwa Mganga Msaidizi wa Vijijini, mtu asiye na cheo kikubwa. Alinisomea kabla ya kuifunga. Hakusema kwamba mimi ni hodari na mwenye tabia njema. Alisema daftari langu halikupungukiwa jina hata moja. Kwamba nikiitwa usiku naja. Na kwamba dawa nisiyoijua niliiuliza kabla ya kuitoa. Mambo matatu tu, na yote aliyaona kwa macho yake.

Siku hizi mambo ni mengine. Kuingia shahada ya kwanza ya udaktari hapa nchini hutegemea ufaulu wako wa Fizikia, Kemia na Biolojia. Asiwadanganye mtu kwamba barua ya mkubwa itaziba pengo la Kemia. Lakini barua bado ina kazi yake. Ukiomba chuo cha Uingereza, maombi hupitia UCAS pamoja na maelezo ya mwalimu juu yako, na kwa udaktari mwisho wa kupokea ni tarehe 15 Oktoba. Marekani udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, nako barua za walimu hutakiwa. Wafadhili wengi huziomba. Na siku utakapotaka kuwa daktari bingwa, utaulizwa tena ni nani anayekujua.

Basi vijana, shikeni haya. Kwanza, mwombe aliyekuona ukifanya kazi, si mwenye jina kubwa. Mwalimu wa Biolojia aliyekusimamia maabara anakufaa kuliko mheshimiwa aliyekupa mkono siku ya mahafali. Pili, mwombe mapema, mwezi mzima au zaidi, na umwulize wazi kama anaweza kukuandikia kwa moyo mweupe. Akisitasita, mshukuru, utafute mwingine. Tatu, mpelekee matokeo yako, jina la chuo, tarehe ya mwisho, na orodha fupi ya mliyoyafanya pamoja. Usimwandikie barua yeye akatia sahihi tu. Nne, majibu yakitoka, mazuri au mabaya, rudi umwambie.

Wazee wetu wa Upare walijenga ndiva. Maji ya kijito hukingwa usiku, asubuhi yakafunguliwa kwenda shambani. Asiyekinga usiku hana cha kufungua asubuhi. Anayeanza kujuana na mwalimu wiki ya kuomba barua amechelewa.

Nanyi wenzangu wa zamani, kalamu iko mikononi mwenu. Semeni mmemjua kijana kwa muda gani, katika kazi gani, na mlimwona akifanya nini. Msipokuwa na la kusema, kataeni.

Najua si rahisi. Mwaka jana jamaa yangu wa ukoo alinitaka nimwandikie mwanawe barua ya kuombea ufadhili wa udaktari. Kijana mwenyewe nilikuwa nimemwona misibani na harusini tu. Nilimwambia baba yake kwamba siwezi kumshuhudia nisiyemjua kazini, ila nitamwombea nafasi ya kujitolea likizo katika zahanati iliyo karibu nao, na msimamizi wa pale ndiye atakayeandika. Kijana alikwenda. Baba yake mpaka leo hajaja kunywa chai kwangu.

Inaniuma, kwa kuwa sisi milimani tunaishi kwa kusaidiana. Lakini barua ya kumpeleka mtu udaktari haiishii kwa mpokeaji. Ipo siku mama mjamzito atateremshwa kutoka Chome kwa barabara ile mnayoijua, na daktari atakayemkuta zamu ni yule tuliyemwandikia sifa. Mama huyo hataisoma barua yetu, lakini atakuwa ameweka maisha yake juu yake.