Gari Kuukuu: Lipi Tuzibe, Lipi Tusiguse

Leo tuzungumze juu ya magari makuukuu yanayotubebea mahindi, mpunga na watu hapa Mpanda. Ukipita Sitalike unaingia Hifadhi ya Katavi, penye simba na tembo. Gari likizimika humo, fundi hayupo. Basi tunajitengenezea wenyewe. Vema, lakini tujue mipaka.

Tangi la petroli likivuja, tunasugua sabuni ya mche mpaka tundu lizibe. Petroli haiyeyushi sabuni, ndiyo maana inashika. Ila moto na sigara viwe mbali! Mpira wa rejeta ukipasuka, tunaufunga kwa ukanda wa tyubu kuukuu. Rejeta ikichemka tusifungue mfuniko. Tungoje ipoe, ama sivyo maji yatatuunguza uso.

Na breki je? Hapo hapana. Wapo wanaotia maji ya sabuni badala ya mafuta ya breki. Kwanza pedali inashika, dereva anafurahi. Lakini tukiteremka kwenda Karema, ziwani, breki zinapata moto. Maji huchemka kwenye nyuzi 100, yanageuka mvuke. Mvuke unabonyea, pedali inazama mpaka chini, gari halisimami. Mafuta mapya ya breki huchemka kupita nyuzi 200.

Kwa hiyo abiria tumwulize dereva: "Breki umetia nini?" Akisema maji, tushuke. Sabuni ya tangi itufikishe mjini tu, huko fundi amalize kazi. Roho haina spea.