Mizani ya Mahakama na Vijana Wachukuzi wa Dawa za Kulevya
(Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Bura)



Halmashauri imetutaka tuseme juu ya jambo lililotuhuzunisha: vijana wanaokamatwa njiani wakichukua dawa za kulevya, na jinsi mahakama inavyoipima adhabu yao.

Bura iko katika njia itokayo Taveta mpakani kwenda Voi, nayo Voi imekaa juu ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Penye njia kubwa hupita kheri na shari. Kijana asiye na kazi huambiwa, "Shika mkoba huu, utapokewa mbele," akapewa nauli na fedha kidogo. Mwenye mkoba hapandi gari lile. Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kijana huyu huuona mwepesi hivyo mpaka askari anapoufungua.

Na tujue kwamba kwa sheria ya Kenya ya mwaka 1994, kusafirisha dawa hizo ni kulangua, hata kama mchukuzi si mwenye mali. Sheria hiyo ilitaja faini kubwa na juu yake kifungo cha maisha. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ilieleza kuwa maneno hayo yanaonyesha ukomo wa adhabu, wala hayamfungi hakimu kutoa adhabu moja kwa watu wote. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa: aliyelangua zaidi ya gramu 100, uzito wa kipande kidogo cha sabuni, aweza kufungwa miaka 50, au kutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 50, au yote mawili. Kwa hiyo maneno yanayosemwa kabla ya hukumu yana uzito mkubwa.

Maneno hayo husemwa baada ya mtu kutiwa hatiani, nayo hayafuti kosa. Hakimu huuliza: Ana umri gani? Je, ni kosa lake la kwanza? Alikiri mapema? Anajuta? Mzigo ulikuwa kiasi gani, na yeye alikuwa nani katika biashara ile: mwenye mali, au mchukuzi aliyetumwa au kutishwa? Amekaa rumande muda gani? Muda huo sheria yataka uhesabiwe. Aliye chini ya miaka 18 hafungwi gerezani, kwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Huko Uingereza nako, mwongozo wa mwaka 2012 uliwataka mahakimu watenganishe anayeongoza biashara na anayetumwa kwa ujinga au kwa kulazimishwa.

Upande wa pili wa mizani yamo madhara. Vijana walioharibiwa na dawa hizo ni watoto wetu pia, na mama zao wamo katika mkutano huu. Hatuombi mahakama iwasahau.

Sasa tuungame kosa letu. Kijana mmoja wa kwetu alipongoja hukumu, tulimwandikia barua ya sifa, tukatia sahihi wazee watatu. Afisa wa probesheni alipokuja kutuuliza, "Akirudi atakaa kwa nani? Atafanya kazi gani? Nani atamwangalia?" tulitazamana. Barua yetu ilisema ametoka katika ukoo mwema. Haikusema nani atampokea. Hata kwamba alikuwa ameacha shule miaka miwili hatukulitaja, naye afisa alikwisha kulijua. Kijana alifungwa. Hatusemi angeachiliwa, lakini twajua kwamba hatukuweka kitu upande wake wa mizani.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, kesi ya kijana wa kwetu itakapofika siku ya hukumu, watu wawili wa chama waende mahakamani, wawepo wakiitwa. Pili, afisa wa probesheni aambiwe kweli yote, nzuri na mbaya, kwa maana ripoti yake husomwa na hakimu, na uongo mmoja huharibu kweli kumi. Tatu, apatikane mtu mzima atakayesema kwa kinywa chake, "Atakaa kwangu, na kazi yake ni hii," iwe shambani, gereji au kwa fundi.

Na kabla ya hayo yote, tuwaambie vijana wetu leo, nyumbani, jina la kosa lile na miaka yake. Asiyejua kilichomo katika mkoba aukatae. Anayejua asidanganyike kwamba ujana wake utamwokoa. Utapimwa pamoja na mengine tu.

Twaomba mapendekezo haya yajadiliwe kabla mkutano haujafungwa.