Maji Ndani ya Dizeli

Hadi mwaka 2010, waya wa umeme ulipopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga, kisiwa cha Pemba kilitegemea jenereta za dizeli zilizokuwa Wesha. Dizeli haijaondoka kisiwani. Bado inaendesha meli zinazotia nanga Mkoani, malori yanayobeba karafuu na jenereta za akiba.

Adui wake ni maji. Tangi lisilojaa hubaki na hewa, na hewa ya Pemba ina unyevu mwingi. Usiku ukipoa, unyevu huo hugeuka matone kwenye kuta za tangi, yakatiririka hadi chini, kwani maji ni mazito kuliko dizeli. Hapo huota ukungu na bakteria, chuma hushika kutu, na nozeli za injini huharibika.

Tone kubwa huzama lenyewe. Taabu ni vitone vidogo vinavyoelea ndani ya mafuta, na dawa yake ni chujio la nyuzi laini za kioo. Kitone hunasa kwenye uzi, kingine kikafuata, vikaungana mpaka vikawa tone zito linalodondoka kwenye kikombe cha chini. Safu ya pili, iliyotiwa dawa ya kukataa maji, hupitisha dizeli peke yake.

Lakini kikombe kikijaa, maji huendelea na safari hadi kwenye injini. Kwa chombo chenye abiria katika Mkondo wa Pemba, hilo ni jambo la uhai. Koki ya kikombe ifunguliwe kila asubuhi kabla ya kuwasha, mpaka itoke dizeli safi. Na tangi lijazwe jioni, chombo kinapofika.