Tukifika, Tunafanya Nini?

(Maneno tuliyowaambia wanavikundi waliokusanyika parokiani baada ya hija ya Namugongo)



Mmetuomba tuwaeleze safari ya Namugongo kwa miguu. Habari za malengelenge na mvua mmeshazisikia kwa waliorudi. Leo tuongee juu ya jambo ambalo watu hawalisemi sana, yaani kufika.

Kutoka mpaka wa Busia hadi Namugongo ni karibu kilomita 200. Unapita Iganga, unavuka mto Nile pale Jinja, unaingia msitu wa Mabira, halafu Lugazi na Mukono. Njiani kila mtu ana kazi. Mmoja anabeba dawa, mwingine anatangulia kuomba mahali pa kulala, mwingine anashika daftari la pesa. Mwenye miguu mizito anawekwa mbele ili atupimie mwendo. Hakuna anayeuliza, "Mimi niko hapa kwa nini?" Barabara yenyewe inamjibu.

Halafu mnafika. Mnaona basilika, ile yenye nguzo 22 kwa ajili ya mashahidi 22 Wakatoliki. Watu wanapiga vigelegele, wengine wanalia, wengine wanapiga magoti hapo hapo kwenye vumbi. Lakini baada ya saa moja tu, kikundi kinaanza kumomonyoka. Huyu anamtafuta jamaa yake wa Kampala, yule anauliza nauli ya kurudi, mwingine amelala. Mwendo uliotufunga pamoja umekwisha.

Tulikuwa na mama mmoja mjane. Shemeji zake walikuwa wamechukua shamba la marehemu wakamwachia kiwanja cha nyumba tu. Siku zote za njiani hakulalamika. Usiku wa tarehe 2 Juni, tukiwa tumeketi kwenye nyasi, akasema: "Sasa nimefika. Mbona shida yangu nayo imefika pamoja nami?"

Mzee mmoja alifungua mdomo kumwambia aombe tu, kisha akanyamaza. Sisi twaona alifanya vema. Mama alikuwa ameomba kilomita 200.

Ndugu zetu, hata wale mashahidi hawakumaliza safari walipofika. Walihukumiwa Munyonyo mwezi wa Mei 1886, na wengine wakauawa njiani. Waliofikishwa Namugongo walikaa karibu wiki nzima wamefungwa, huku kuni zikikusanywa, mpaka tarehe 3 Juni. Wakatoliki na Waanglikana walikuwa pamoja. Siku hizo walizipitisha kwa kuombeana na kutiana moyo. Ndiyo kusema kufika kulikuwa mwanzo wa kazi ngumu zaidi, na kazi hiyo waliifanya pamoja.

Basi tukamwuliza yule mama, "Umemwambia nani habari hizi?" Akasema hakuna. Amekuwa katika kikundi cha kina mama miaka sita. Anatoa mchango kila wiki. Lakini kwenye mkutano tunasoma hesabu, tunagawa zamu, tunafunga kwa sala. Shamba la mjane haliko kwenye ajenda.

Tuliporudi, wanne kati ya waliotembea walimsindikiza kwa chifu. Na wengine hapa mmeanza kunung'unika, ati kikundi kimeingilia mambo ya ukoo, tena mmoja wa shemeji zake ni mwanachama wa mradi wa maji. Tuseme wazi. Hatukumsindikiza ili kupigana na ukoo wa mtu. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inamtambua mjane. Hatua ya kwanza ni barua ya chifu inayotaja watu walioachwa na marehemu. Kisha ombi linapelekwa kortini na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi anapewa siku 30 aseme. Kwa hiyo shemeji naye ana nafasi ya kusikilizwa. Lakini kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya sheria ni kosa. Ndugu huyo akitaka kuketi nasi pamoja na wazee hata kesho, mlango uko wazi.

Kesi haijakwisha, na hatuwezi kuwaahidi itaishia wapi. Lakini mama haendi tena ofisini peke yake.

Vikundi vyetu vina ugonjwa huo huo wa kufika. Tunachanga miaka mitatu, tangi la maji linajengwa, mgeni wa heshima anakata utepe, tunakula pilau. Mwaka unaofuata mfereji umevunjika na hakuna anayejua funguo ziko kwa nani. Kwa hiyo tunawashauri mambo matatu. Kwanza, hesabu zisomwe siku ile ile ya kufika, kabla watu hawajatawanyika. Sisi tulizisoma pale pale kwenye nyasi, na pesa zilizobaki zikawekewa uamuzi mbele ya wote. Pili, kazi ya kesho ipewe mtu na tarehe. Tatu, mwulizane: nani kati yetu amefika na mzigo ambao bado hajautua?

Mkirudi vikundini, mjadili maswali haya:

1. Ni mradi gani tuliumaliza, kisha ukatufia mikononi? Ulianza kufa siku gani?

2. Kuna mjane au yatima kati yetu ambaye tunajua mchango wake lakini hatujui shida yake?

3. Nani atamsindikiza, na lini?

Swali la tatu lisiachwe wazi. Andikeni jina na tarehe.